Barua ya Mwalimu Sio Sadaka

Najua nimeadimika. Majaribio yalikuwa mfululizo, bumu limechelewa kama kawaida yake, na umeme wa hosteli nao una mambo yake. Lakini leo sikuja kulilia bumu. Leo nina jambo moja tu, na naomba mnivumilie maana litakuwa refu kidogo: barua za mapendekezo. Zile barua ambazo ukiomba skolashipu ya maana lazima uandikiwe na walimu wawili au watatu waliokufundisha.

Huu ndio msimu wenyewe. Skolashipu za Jumuiya ya Madola kwa kawaida hufunga Oktoba. Gates Cambridge, kwa sisi tusio Wamarekani, hufunga Desemba au mwanzoni mwa Januari kutegemea na kozi. Erasmus Mundus nyingi hufunga kati ya Novemba na Februari. Sasa pita kwenye korido za vitivo wiki hizi ujionee. Watu wa mwaka wa mwisho na waliomaliza juzi wamejipanga ukutani kama wagonjwa zahanati, bahasha mkononi, shati limenyooshwa. Wanamsubiri Dokta. Dokta yuko kikaoni. Dokta katoka kidogo. Dokta yuko Dodoma kwenye warsha. Njoo kesho. Kesho ukija, njoo Jumatatu.

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: skolashipu inayoitwa ya sifa, kwetu haishindaniwi kwa sifa. Inashindaniwa koridoni. Na mwalimu anayekalia barua ya mwanafunzi wake hajamnyima mtu hisani. Amekalia haki yake.

Ukitaja skolashipu hapa kampasi, kabla hujamaliza sentensi utasikia mtu anakujibu, "Achana nazo hizo mshikaji, zina wenyewe." Wenyewe hao huwa ni watoto wa mawaziri, watoto wa mabalozi, watu wa ukoo fulani. Basi mtu anakunja fomu yake, anarudi kulala, na anajiona mjanja kwa kuwa hakupoteza muda.

Mimi nakubaliana na watu hao nusu. Zina wenyewe kweli, ila wenyewe hawako kule tunakodhani. Jopo la Cambridge halimjui mjomba wako, wala halimjui mjomba wa mtoto wa waziri. Gates Cambridge ilianzishwa mwaka 2000 kwa dola milioni 210 za Marekani kutoka taasisi ya Bill na Melinda Gates, na hutoa nafasi karibu 80 kwa mwaka kwa dunia nzima nje ya Uingereza. Nafasi 80, dunia nzima! Hivi unadhani watu hao wana muda wa kukaa na kujadili nani mtoto wa nani Masaki?

Wenyewe wa skolashipu wako hapa hapa nyumbani. Ni yule anayeweza kumpigia Profesa simu saa tatu usiku kwa sababu baba yake alisoma naye. Ni yule aliyekulia jirani na nyumba za walimu na tangu utoto anawaita anko na shangazi. Huyo barua yake inaandikwa Jumapili baada ya chakula, tena nzuri, yenye mifano. Wewe uliyetoka Nachingwea na begi moja, Profesa unamjua kwa sauti ya kipaza sauti na kwa sura ya mbali kutoka mstari wa nyuma wa ukumbi. Kwenye matokeo mmelingana. Koridoni hamjalingana hata kidogo.

Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza ambao mambo haya bado ni hadithi, ngoja nieleze yanavyokwenda. GPA yetu ni ya 5. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, na daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Skolashipu nyingi kubwa zinataka angalau hilo la pili la juu. Sasa jiweke kwenye kiti cha mtu wa jopo. Mbele yako kuna lundo la maombi kutoka India, Ghana, Brazil, Kenya na Tanzania, na karibu wote waliobaki mezani ni vipanga. Matokeo yamekusaidia kuwaondoa walio chini ya mstari. Hayakusaidii kuchagua kati ya walio juu yake. Kinachochagua hapo ni vitu viwili: insha aliyoandika mwombaji mwenyewe, na yale ambayo walimu wake wanayasema akiwa hayupo.

Akiwa hayupo. Ndiyo maana siku hizi kwenye skolashipu nyingi barua haipiti mkononi mwako. Unajaza jina la mwalimu na barua pepe yake ya chuo, mfumo unamtumia kiungo, yeye anafungua, anajaza, anapandisha barua. Wewe kwenye ukurasa wako unaona neno moja tu: imepokelewa, au haijapokelewa. Unaweza kuwa umepiga msuli miaka mitatu, umeandika insha mara kumi na mbili, umelipa shilingi 150,000 za pasipoti kwa kuchangisha ukoo mzima, umefanya mtihani wa Kiingereza kwa bei ambayo hata kuitaja sitaki. Neno hilo likibaki haijapokelewa mpaka saa sita usiku ya siku ya mwisho, yote uliyofanya ni bure. Hakuna wa kumkatia rufaa.

Jambo hili si la leo. Wosia wa Cecil Rhodes, yule yule wa migodi na ukoloni, ulioanzisha skolashipu za Rhodes mwaka 1902, ulitaka vijana wachaguliwe si kwa vitabu peke yake bali hata kwa tabia na uongozi. Tabia haiandikwi kwenye transkripti. Lazima awepo mtu wa kushuhudia. Na kwa taarifa yenu, kwa miaka 75 hiyo "sifa" ilikuwa haimhusu mwanamke hata awe na akili kiasi gani. Mlango wa Rhodes kwa wanawake ulifunguliwa mwaka 1977. Sifa siku zote ina mtu aliyekaa mlangoni. Kwetu sisi aliyekaa mlangoni ni mwalimu wetu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye madhambi. Nimeyaona matatu makubwa.

La kwanza ni kukalia. Nina jamaa yangu, jina kapuni, alimaliza na GPA ya 4.6. Aliomba barua wiki sita kabla. Wiki sita, sio siku sita. Mwalimu wa kwanza akatuma ndani ya wiki, Mungu ambariki. Wa pili akasema, "Usijali, nitafanya." Jamaa akakumbusha kwa barua pepe, akakumbusha kwa ujumbe wa simu, akaenda ofisini mara nne. Kila mara ni usijali. Siku ya mwisho tulikaa naye hosteli tunautazama ule ukurasa kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Haijapokelewa. Haijapokelewa. Saa sita usiku mfumo ukafunga. Asubuhi akapata ujumbe: "Pole, nilibanwa."

Maneno mawili, na mwaka mzima umeondoka. Kwa mtoto wa mwenye nacho mwaka mmoja ni mapumziko, atasaidiasaidia ofisini kwa baba. Kwa jamaa yangu mwaka mmoja ni kurudi nyumbani kusimamia bodaboda ya shemeji, wadogo wawili wanamtazama yeye kwa ada, na kijiji kizima kinauliza, "Hivi wewe si ndiye ulikuwa unaongoza?" Mwakani ataomba tena? Labda. Lakini nimewaona wengi ambao mwakani hawakuomba tena. Hao ndio kesho yake wanakuja kuwaambia wadogo zao kwamba zina wenyewe.

Dhambi ya pili ni hii: "Iandike mwenyewe uniletee nisaini." Hii imezoeleka mpaka watu wanaiona ni ukarimu. Eti mwalimu fulani mtu poa, anakuachia uandike mwenyewe. Jamani! Hebu tuiite kwa jina lake. Ukiandika barua halafu ukaweka sahihi ya mtu mwingine kwamba ndiye aliyeandika, huo ni uongo. Huyo huyo mwalimu akikukuta umeweka jina lako kwenye kazi ya mwenzio anakupeleka kwenye kamati ya nidhamu. Kwenye barua anakuagiza ufanye hivyo hivyo, na wewe unatoka ofisini unashukuru.

Tena uongo wenyewe hausaidii. Mtu mwenye haya hawezi kujisifia, ataandika kwamba yeye ni mwanafunzi wa kawaida mwenye bidii. Asiye na haya atajiita wa kwanza tangu chuo kianze. Aliyesoma shule za ada kubwa ataandika Kiingereza kilichonyooka, aliyesoma shule ya kata atahangaika na vitenzi. Kwa hiyo anayeshinda ni mwongo aliyesoma shule nzuri. Hiyo ndiyo sifa? Na msidhani wasomaji wa kule ni vilaza. Wakisoma insha na barua vyote vina sauti moja, maneno yale yale, makosa yale yale ya nukta, wanajua. Halafu fomu nyingi zinamuuliza mwalimu swali ambalo mwanafunzi hawezi kulijibu hata akitaka: kati ya wote uliowafundisha miaka hii, huyu yuko kwenye asilimia ngapi ya juu? Mwanafunzi atajuaje? Mwenye orodha za matokeo za miaka yote ni mwalimu peke yake.

Dhambi ya tatu ni barua ya kunakili. Barua moja imetumika kwa watu ishirini, kinachobadilika ni jina. "Namfahamu mwombaji kwa miaka mitatu. Ni mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na ushirikiano. Nampendekeza bila kusita." Basi. Kuna mmoja aliwahi kuonyeshwa nakala yake baada ya kutumwa, akakuta yeye mwanaume mzima ametajwa kama binti kuanzia aya ya pili mpaka mwisho. Tulicheka sana siku ile, lakini kwa kweli hakuna cha kucheka.

Barua ya kweli inakuwaje? Natoa mfano wa kubuni. Mwalimu anaandika: darasa langu lilikuwa na wanafunzi 310, huyu alikuwa wa nne. Kwenye mradi wake wa mwaka wa tatu alikuta takwimu za mvua alizopewa zina miezi inayokosekana. Wenzake waliziacha hivyo hivyo, yeye alirudi kwenye daftari za kituo akazijaza kwa mkono, na ikabidi abadilishe hitimisho lake lote. Ana udhaifu wa kuongea mbele za watu, ila mwaka huu amejitahidi. Umeona? Mistari michache, hamna sifa za kupaka mafuta, hata udhaifu umo, lakini msomaji wa Cambridge sasa anamwona mtu. Barua ile ya bidii na nidhamu msomaji haoni chochote. Na kwenye mashindano ya namna hii, barua isiyosema kitu inamsema mwombaji vibaya, maana wale wa vyuo vingine wamesemewa.

Kuna jambo jingine limejificha hapo nyuma na sitaki kulipita kimya kimya. Korido haiko sawa kwa wote. Mvulana akiambiwa "njoo baadaye" anawaza nauli. Dada zetu wakiambiwa "njoo baadaye, saa kumi na mbili, tutaongea vizuri" wanawaza kitu kingine, na wana sababu ya kuwaza. Sisemi walimu wote, na najua wapo wengi wanaojiheshimu. Nasema kwamba pale ambapo kitu cha lazima kinatolewa kwa hiari ya mtu mmoja, faragha, bila tarehe, bila daftari, bila shahidi, hapo ndipo mchafu anapopata mwanya. Sheria ipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa huduma au haki. Lakini sheria inakuja baada ya madhara. Daftari na tarehe vinazuia kabla.

Najua walimu wetu wanasoma hapa, wengine kimya kimya. Shikamooni. Naomba nijibu hoja zenu, maana zipo na si zote za kupuuza.

Mtasema kazi ni nyingi. Kweli. Mtu mmoja ana madarasa ya mamia, mitihani ya kusahihisha, wanafunzi wa uzamili, vikao visivyoisha. Wiki moja ya Oktoba anaweza kupata maombi thelathini ya barua. Nawaonea huruma kabisa. Lakini hoja hiyo inadai utaratibu. Haihalalishi kukaa kimya. Kusahihisha mitihani nako ni kazi nyingi, mbona hatusikii "nilibanwa" siku ya kupeleka matokeo kwenye seneti? Kwa sababu kule kuna tarehe na kuna mtu anauliza. Kwenye barua hakuna anayeuliza.

Mtasema simjui huyu mwanafunzi, nitaandika nini? Hoja nzuri. Basi kataa. Kataa mapema, siku ile ile. "Mdogo wangu, sikufahamu vya kutosha, mtafute aliyesimamia mradi wako." Hiyo ni huruma kubwa kuliko usijali ya wiki sita. Sidai barua ya sifa. Nadai jibu, na kama jibu ni ndiyo, barua ya kweli kwa wakati. Kama ukweli wenyewe utamharibia, mwambie usoni atafute mwingine. Hatutakufa.

Mtasema sio kazi yetu, haimo kwenye mkataba. Hapa ndipo nakataa kabisa. Mwalimu, uliposoma nje, nani alikuandikia? Nionyesheni Dokta mmoja kwenye korido hii aliyekwenda kusoma Ulaya, Marekani, Japani au China kwa skolashipu bila mtu kumsemea. Serikali ya China yenyewe, kwa skolashipu zake za uzamili, inataka barua mbili za maprofesa. Kila mmoja wenu ni mtoto wa barua ya mtu. Mtu yule alikaa jioni moja akaacha shughuli zake akaandika. Deni hilo halilipwi kwake, maana pengine hata hayupo tena duniani. Linalipwa kwa huyu aliyesimama nje ya mlango wako.

Na kama mnataka mfano mkubwa, huu hapa. Mwaka 1949 mwalimu mmoja wa shule ya St. Mary's Tabora alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa ufadhili, akamaliza shahada yake ya M.A. mwaka 1952. Jina lake Julius Nyerere. Akili alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini akili peke yake isingemtoa Tabora. Padri Richard Walsh, mkuu wake pale shuleni, ndiye aliyemhimiza na kumsaidia njia ifunguke. Hebu fikiria padri yule angesema "usijali, nitafanya", halafu akabanwa.

Kuna wanaosema dawa ni kufuta barua kabisa, tupimwe kwa matokeo tu. Wanatoa mfano wa Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa bajeti ya shilingi bilioni 3, kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita na kwenda kusoma sayansi, uhandisi, tiba na mfano wake. Pale kigezo ni matokeo ya NECTA. Ukifaulu umefaulu, humbembelezi mtu barua. Naipenda sana ile hali ya kutopiga magoti kwa mtu. Lakini matokeo nayo yana lao jambo: hayasemi nani alisoma kwenye maabara yenye vifaa na nani alichorewa bureti ubaoni. Mtu wa kulisema hilo ni mwalimu aliyekuona ukitoka pale na kufika hapa. Na hata hivyo skolashipu za nje sio zetu kuzibadilisha. Wanataka barua. Kilicho mikononi mwetu ni barua hizo zinavyotoka.

Na sisi wanafunzi tusijifanye malaika. Kuna watu darasani hawaulizi swali miaka mitatu, tutorial wanamtuma mwenzao asaini, kazi wanakusanya madesa ya mwaka juzi, halafu wiki ya mwisho wanamtumia Profesa ujumbe saa tano usiku: "Dokta naomba barua, mwisho ni kesho." Kwanza umemshusha cheo, pili umemtukana. Huyo akikosa barua sina machozi naye. Haki ya barua ya kweli inakwenda na wajibu wa kumpa mwalimu kitu cha kweli cha kuandika, na muda wa kuandika.

Basi tufanye nini? Mimi napendekeza mambo ambayo hayahitaji mfadhili wala warsha ya Dodoma.

Kila idara iwe na daftari la barua, la karatasi au la kompyuta, vyovyote. Linaandikwa nani kaomba, kamwomba nani, lini, mwisho lini, na imetumwa lini. Mkuu wa idara analipitia kila Ijumaa. Dakika kumi.

Mwalimu ajibu ndiyo au hapana ndani ya siku tatu za kazi. Akisema ndiyo, barua itoke ndani ya siku kumi za kazi.

Mwanafunzi aombe wiki tatu kabla, na aje na ukurasa mmoja: skolashipu gani, inataka nini, tarehe ya mwisho, kozi alizosoma kwa mwalimu huyo na alama zake, mradi wake ulihusu nini. Asiye na ukurasa huo asisikilizwe. Ukurasa huu ni wa taarifa tu. Barua yenyewe aandike mwalimu.

Kwa madarasa makubwa, wale wasaidizi wanaosimamia tutorial waandike maelezo mafupi ya wanafunzi wanaowaona, Profesa ayatumie. Wao ndio wanaotujua kwa majina.

Kuomba barua kufanyike saa za kazi, mlango wazi. Anayetaka kukuona saa kumi na mbili jioni ajieleze kwenye daftari.

Na matokeo ya muda yatoke haraka. Chuoni kwetu transkripti kamili inasubiri seneti na mahafali, na mahafali ni mwisho wa mwaka, wakati milango mingine imeshafungwa. Hati ya muda yenye mhuri inatosha kwa skolashipu nyingi wakati wa kuomba. Karatasi moja hiyo isichukue wiki tano, kwa kisingizio kwamba mwenye mhuri yuko likizo.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo iamke. Kila mwaka tunapiga kura, kila mwaka sera ni bumu, bumu, bumu. Bumu ni muhimu, hata mimi nakula kwa bumu. Lakini bumu linaisha ndani ya mwezi, na skolashipu inabadilisha ukoo. Waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi apeleke suala hili kwenye idara moja tu kwanza, lijaribiwe msimu huu, tuhesabu barua ngapi zimeombwa na ngapi zimetoka kwa wakati. Namba hizo tukiwa nazo, hakuna atakayetuambia tunalalamika hovyo.

Mpaka hapo litakapofanyika, ushauri wangu kwa mwenye fomu mkononi ni mmoja. Omba. Usikubali maneno ya zina wenyewe. Omba barua kwa watatu pale wanapotaka wawili, kama mfumo unaruhusu. Andika tarehe uliyoomba, hifadhi ujumbe, kumbusha kwa adabu kila wiki, na ukinyimwa jibu nenda kwa mkuu wa idara bila kuomba radhi. Huendi kuomba sadaka. Umelipiwa ada, umesoma, umefaulu mbele ya macho ya mtu huyo. Unachotaka ni aliseme alilokiona.

Wenye kunirushia mawe, karibuni, najua mtaanza na wale wanaotafuta upendeleo kwa walimu. Kesho nina jaribio la saa mbili asubuhi na desa lenyewe bado kurasa arobaini. Ngoja nikapige msuli.